Isale Kutoka Rombo

Jumamosi, 4 Novemba

Mwalimu Candida kasema kila mzazi awe na daftari, na kila jioni aandike jambo moja la kushukuru. Moja tu. Haya. Mimi Severa, muuza mabeseni wa Mtaa wa Sikukuu, na uzee huu naanza kuandika shajara kama binti wa kidato cha pili!

Darasa lenyewe ni yoga. Ya watoto wenye usonji na wazazi wao. Liko Gerezani, chumba cha juu ya karakana moja, Jumamosi mchana mafundi wakishafunga. Unavua viatu mlangoni. Unalala chali kwenye mkeka wa mpira, mtu mzima na akili zako, unaambiwa upumue. Kupumua! Nimepumua miaka yote hii bila mwalimu.

Halafu tukaambiwa tusimame kama mlima. Kumfundisha Mrombo, mzaliwa wa mlimani, kusimama kama mlima! Nikageuka nicheke na mume wangu — Anselmi huyo kanyooka, kifua mbele, siriasi kabisa.

Ritha hakuingia. Alikaa mlangoni muda wote anapepea ndala yangu mbele ya macho. Ana miaka tisa, ni wetu wa pekee, maneno anayo machache na anayatoa akipenda mwenyewe. Nikamfuata nimvute mkono. Candida akaniambia kwa upole nimwache, mlangoni nako ni darasani.

Nikarudi kulala. Kufumba macho nimeshindwa, mtu wa Kariakoo akifumba macho kashaibiwa. Nilifumba moja.

La kushukuru: kokote ninakoenda na Ritha, kanisani, kliniki, harusini, huwa natafuta kwanza mlango wa kutorokea akianza kupiga kelele. Leo sikuutafuta. Nimekumbuka hilo nikiwa tayari nyumbani, nakatakata mchicha. Nikalia kidogo. Vitunguu havikuwepo, kwa hiyo sina cha kusingizia.

Jumatatu, 6 Novemba

Machinga wa mbele ya duka kanunua spika mpya. "Njoo chagua! Njoo chagua!" toka asubuhi. Ritha akaanza kugonga kichwa ukutani. Nikasema ngoja nijaribu ya Candida. Nikapiga magoti mbele yake, nikavuta pumzi, nikaachia. Nikavuta, nikaachia. Nilivyokuwa na haraka nikawa nahema kama mbuzi anayezaa.

Zamda, jirani yangu muuza kanga, akachungulia: Mama Ritha, una pumu?

Mwenzangu nimecheka mpaka nikakaa chini. Ritha aliacha ukuta akawa ananishangaa. Sijui ilikuwa pumzi au kicheko. Asante kwa vyote viwili. Na Zamda kaenda kumwambia yule kijana ageuze spika, kwa matusi ya kwao Kilindi ambayo siyaandiki hapa.

Ijumaa, 10 Novemba

Leo sina la kushukuru. Candida anisamehe.

Kimekuja kifurushi kwa basi kutoka kwa mama mkwe. Ndizi, maparachichi, magadi. Katikati ya ndizi, limefungwa vizuri kwenye kitambaa, jani la isale. Limepigwa fundo.

Nilisimama dukani nalo mkononi kama nimeshikishwa nyoka. Kwetu Wachaga isale si jani la mapambo. Ukitumiwa isale umeombwa msamaha, na ukiombwa hivyo unajibu, kwa jani lako bichi na maneno mafupi. Kuna watu waliomwaga damu za ndugu zao wakasamehewa kwa jani hilo. Na kwa kawaida ni mdogo anayempelekea mkubwa. Mkubwa kumtumia mkaza mwana? Sijawahi kusikia.

Lakini Mama anajua alichofanya. Krismasi ile Ritha alikuwa na miaka mitano. Nyumba imejaa ukoo mzima, na Padri anakuja kula. Mbuzi wakaanza kuchinjwa, Ritha akaanza kupiga kelele, hanyamazi. Mimi nilikuwa mgombani natafuta majani ya kufunikia nyama. Niliporudi mtoto hayupo. Nikauliza, kila mtu anaangalia sahani yake. Nikamkuta kwenye ghala la mahindi, giza, komeo kwa nje. Alikuwa amekwangua mlango mpaka kucha zimetoka damu. Mama akasema alimweka kidogo tu, Padri apite.

Padri apite!

Niliondoka siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila Desemba Wachaga wote wanapanda kwao, Anselmi anapanda peke yake na kurudi na ndizi, mimi na Ritha tunabaki na feni.

Nimelitupa jani kwenye ndoo ya taka. Anselmi hajui.

Jumamosi, 11 Novemba

Ngoja niandike taratibu, nisiache kitu.

Leo Candida alitaka kila mtoto alale chali aweke kitu tumboni, akiangalie kinavyopanda na kushuka akipumua. Kamletea Ritha mdoli pale mlangoni. Kautupa. Kigari, kakitupa. Mpira, ukaenda ukampiga Awadhi kisogoni. Awadhi ni muuza samaki wa Feri, anamleta mwanawe Ridhiwani. Anaamka alfajiri kuwahi mnada, kwa hiyo akilazwa chali tu anakoroma. Alishtuka akasema bei gani?

Tulicheka wote. Kisha Ritha akaingiza mkono ndani ya gauni lake akatoa jani. Lile. Lenye fundo na harufu ya takataka zangu. Kaliokota lini, Mungu ndiye anajua.

Na akaingia! Kwa miguu yake, kutoka mlangoni mpaka katikati ya chumba. Akalala kwenye mkeka, akaliweka jani tumboni, akalikazia macho. Jani likapanda. Likashuka. Candida akawa anasema kwa sauti ndogo, panda... shuka... Sisi wengine hatukuthubutu hata kukohoa. Akalala vile mpaka Awadhi akaanza kukoroma tena, na mkoromo ule ukawa unakwenda sawasawa na jani.

Kisha Ritha akasema, "Panda." Na baadaye, "Shuka."

Maneno mawili mapya kwa siku moja. Mwaka jana mzima sikupata mawili.

Anselmi aliliona jani. Alilitambua, si mtoto wa Rombo? Hakuniuliza kitu pale. Tumerudi kwa miguu kupita Msimbazi, Ritha katikati yetu analipepea. Tulipofika nyumbani akaniuliza tu, lilikuja lini? Nikamwambia jana. Ulijibu? Nikaanza kumvua Ritha viatu. Akaenda kubandika maji ya chai.

Asante kwa mwanaume asiyenishika koo. Lakini ningefurahi kidogo kama angenifokea, ningepata pa kumwagia.

Jumatano, 15 Novemba

Jani linalala na Ritha. Akiamka analiweka tumboni kabla hata ya kwenda chooni. Spika ya machinga ikianza, analala palepale dukani, katikati ya ndoo na wateja. Wateja wanamruka. Mmoja akauliza mtoto kaanguka kifafa? Zamda akamjibu hapana, mama, yuko ofisini, subiri zamu yako.

Jumamosi, 18 Novemba

Mvua! Jangwani pamejaa maji, mabasi ya mwendokasi yamesimama, Candida kapiga simu kwamba kakwama ng'ambo na darasa halipo. Nikamwambia Ritha: leo hakuna. Kosa kubwa. Jumamosi ni darasa, huwezi kumwambia Jumamosi si Jumamosi. Alianza kulia, akaanza kujing'ata mkono.

Basi nikavuta mlango wa duka nusu. Nikasukuma mabeseni ukutani, nikatandika maboksi chini. Zamda akaja na kanga zake tatu, mpya kabisa, akazitandika juu ya maboksi. Nikamwambia utazichafua. Akasema kwani zinaenda mbinguni?

Tulilala watatu. Mvua inapiga bati, maji ya barabarani yanaingia kwenye kizingiti, Ritha na jani lake tumboni, na Zamda anaona haya kwa sababu kitambi chake kinapanda kuliko vyote. Nikafumba macho. Yote mawili! Duka liko wazi nusu, mali iko nje, na mimi nimefumba macho Kariakoo.

Zamda akasema: nyie Wachaga mkishaenda kwenu Desemba ndiyo mji huu nao unapumua. Nikamwambia mimi siendi. Akauliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia mtu habari ya ghala. Nikiwa chali, naangalia paa.

Aliinuka akakaa. Halafu akasema, mkweo alikosa, tena vibaya. Lakini mwenzangu, aliyeomba radhi kashakushikisha mzigo. Unaubeba au unaurudisha, kuuacha njiani haiwezekani.

Nilimkasirikia mpaka jioni. Sasa nimepoa. Asante kwa Zamda. Na kwa kanga zake, ambazo moja imelowa na hajasema kitu.

Jumatano, 29 Novemba

Mama kampigia Anselmi. Nilikuwa nasikia sauti yake kwenye simu, imekuwa nyembamba. Hakuuliza habari ya jani. Aliuliza kama ndizi zilifika zikiwa nzima. Anselmi akasema zilifika. Mama akasema, vizuri, nilidhani zimeoza njiani. Mimi nilijua kabisa kwamba si ndizi zinazozungumzwa.

Baadaye Anselmi kakaa karibu yangu. Kasema presha ya Mama inapanda, miguu inavimba. Kasema hatanilazimisha, hata Mama akizikwa hatanilazimisha. Kwamba aliyefungiwa ni mwanangu, na ni mwanawe pia, na hata yeye ile siku alipaswa kuvunja lile komeo. Hakuwahi kulisema hilo.

Naogopa. Naandika wazi hapa maana hakuna wa kusoma. Siogopi Mama. Naogopa Ritha aione ile nyumba, akumbuke, na kila tulichopata hapa kimwagike. Panda na shuka, kuingia mlangoni, kulala usingizi. Vimekuja kidogo kidogo kama maji ya bomba la mtaani. Nikivimwaga, nani atanirudishia?

La kushukuru... Anselmi kasema lile neno la komeo.

Ijumaa, 1 Desemba

Angelina wa jumuiya yetu ya kanisani kaja kununua jagi, kanishika bega: eti nimeingiza mtoto kwenye mambo ya mapepo ya Kihindi. Nikamwambia shosti, mtoto wangu analala chini anapumua. Kama pumzi ni ya shetani, wewe acha kuvuta tuone. Akanunua majagi mawili.

Jumamosi, 9 Desemba

Nilimweleza Candida. Yote, na ghala. Nilitegemea aniambie niende, au nisiende, mtu anipunguzie kazi. Hakusema. Aliuliza: Ritha mwenyewe ameulizwa?

Kha! Sikuwahi kuliwaza hilo. Miaka minne tunabishana juu ya kichwa chake.

Basi leo darasa zima limegeuzwa basi. Viti viwili viwili, njia katikati. Awadhi akawa konda, kaning'inia mlangoni: Moshi-Rombo hiyo! Mama siti ya dirishani! Ridhiwani ndiye dereva, na sahani mkononi kwa usukani. Anselmi kamletea Ritha vile viziba masikio vya mafundi wa viwandani, vikubwa vya rangi ya machungwa, kavipata kwa jamaa zake wa Gerezani wanaochomelea vyuma. Ritha kavivaa, kakaa dirishani, jani tumboni. Awadhi akapiga honi kwa mdomo. Ritha akafumba macho. Panda. Shuka.

Tulisafiri mpaka Rombo na kurudi, tukasimama Korogwe kuchimba dawa, Awadhi akatuuzia machungwa ya uongo.

Baada ya hapo nikamwonyesha Ritha picha kwenye simu. Nyumba ya Bibi. Migomba. Bibi mwenyewe na kilemba chake. Nikasema, Ritha, twende kwa Bibi? Aliitazama muda mrefu. Akagusa jani. Akagusa picha. Akagusa jani tena.

Sijui ni ndiyo. Candida anasema siyo hapana. Jani limekauka sasa, limekuwa la kahawia, fundo halijafunguka. Asante kwa Awadhi konda. Asante kwa watu hawa. Kabla ya Novemba nilikuwa siwajui, na leo mzee mzima kaning'inia mlangoni kwa ajili ya mwanangu.

Jumatatu, 11 Desemba

Tumekata tiketi. Nimezificha chini ya mabeseni.

Ijumaa, 22 Desemba

Ndani ya basi. Mwandiko mbaya kwa sababu ya barabara.

Stendi ya Mbezi usiseme! Watu, mabegi, kuku, wapiga debe. Ritha aliganda mlangoni mwa basi. Nyuma foleni inasukuma, mtu anasema mama pandisha mtoto huyo. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeshika moto. Nikavuta pumzi. Nikageuka nikamwambia: ndugu yangu, mlangoni nako ni safarini. Hakuelewa lakini alinyamaza. Ritha akapanda.

Kalia Chalinze. Kalia tena Segera, muda mrefu, kang'ata mkono wa Anselmi. Mama mmoja wa Kipare kiti cha mbele hakugeuka kutushangaa, alipitisha tu ndizi ya kuiva juu ya bega. Mungu ampe maisha marefu.

Sasa kalala. Viziba masikio vimemfanya kama rubani. Mlima bado umejifunika. Sijamtumia Mama jibu lolote. Anselmi kamwambia tunakuja, basi. Jani nimelichukua akishalala, ili lisivunjike.

Jumamosi, 23 Desemba

Asubuhi, Rombo. Baridi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, kwa sababu sijui mikono yangu niiweke wapi.

Jana tulifika jioni. Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi na fimbo. Kazeeka mno. Nikapiga goti, Shikamoo Mama. Marahaba, mwanangu, poleni na safari. Basi. Hakuniuliza. Sikumjibu. Tukala, tukalala. Ritha alilala! Kitanda kigeni, na alilala.

Leo nimeamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nimetoka mbio bila viatu, moja kwa moja nikaelekea ghala.

Mlango wa ghala haupo. Yaani umeng'olewa, bawaba na komeo na kila kitu. Panabaki tundu tu, jua linaingia mpaka kwenye magunia. Shemeji yangu Ignasi, aliyekuwa anakamua ng'ombe, kasema Mama aliuvunja mwenyewe kwa shoka mwaka ule ule, tulipoondoka. Akawasha nao moto wa Krismasi. Tangu hapo panya wanamlia mahindi na hataki kusikia habari ya mlango mwingine. Nikamuuliza Anselmi mbona hakuniambia. Kasema kila alipotaja nyumba hii nilitoka chumbani. Kweli, nilikuwa natoka.

Ritha alikuwa hapo hapo mbele ya lile tundu. Amelala chali kwenye kanga ya Bibi, jani tumboni. Panda. Shuka. Na Mama amesimama juu yake na fimbo, anatazama lile fundo lake alilolifunga, limekauka, liko juu ya tumbo la mtoto. Hakuniona.

Ritha akapiga kanga kwa kiganja, pale pembeni yake. Njoo.

Mama kasema, mjukuu wangu, nikishuka hapo nani ataniinua? Ritha akapiga tena. Ritha haelewi habari ya miguu kuvimba.

Kashuka. Kwa fimbo, kwa goti moja, kwa mkono, huku anaita watakatifu wote. Kalala. Kilemba kimemvuka. Ritha kalitoa jani kwenye tumbo lake — jani ambalo hajampa mtu, hata mimi — kaliweka kwenye tumbo la Bibi. Likawa linarukaruka, kwa sababu Mama analia.

Ritha anamwambia, "Shuka." Anangoja. "Shuka, Bibi."

Bibi! Neno hilo tangu azaliwe hajalitamka.

Wako hapo mpaka sasa, nawaona. Jani limeanza kutulia. Anselmi kasimama kwenye ngazi, anajifanya anafunga kamba za viatu, na kavaa ndala. Kando ya ghala masale, mimea ya jani lile lile, yamejipanga mbichi kabisa, naweza kuyafikia kwa mkono nikinyanyuka tu. Nimeshachagua moja kwa macho. Maneno ya kujibu nayajua tangu mdogo, ni mafupi.

Mama kageuza kichwa. Kaniona.

Na Ritha anapiga kanga tena, upande wake wa pili, ule ulio wazi, na ananitazama mimi — naweka kalamu chini, nachuma jani langu.